Programu za kuzuia matatizo ya ulaji: vijana wenyewe wanasemaje? (Uzi mrefu)

Mwalimu wa Malezi (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Dar es Salaam. Nafundisha Baiolojia, na juu yake nimekabidhiwa dawati la malezi na unasihi. Kuna jambo naliona bwenini ambalo vikao vyetu vya walimu havilipi nafasi. Wapo watoto wanaojinyima chakula kwa makusudi. Wapo wanaokula kwa kujificha kisha wanajitapisha. Wapo wanaokunywa machai ya kukata tumbo waliyoagiza mtandaoni. Tukiwakuta tunasema ni deko, au vidonda vya tumbo, tunawapeleka zahanati, wanapewa dawa za asidi, tunafunga faili.

Tuliwahi kupata mgeni akaja kutoa semina kuhusu anoreksia (ugonjwa wa kujinyima chakula kupita kiasi) na bulimia (ugonjwa wa kula kwa pupa kisha kujitapisha). Nia yake ilikuwa njema kabisa. Alionyesha picha za wagonjwa waliobaki mifupa, akataja kilo zao, akasoma orodha ya dalili, akafunga kwa kuwaambia wajipende. Wanafunzi walipiga makofi. Kwenye klabu nikawaomba waniambie ukweli wao kuhusu semina za namna hii, na waseme zingekuwaje kama wangeziandaa wao. Waliyoyasema ndiyo yamenifanya niandike.

Ni watoto wa watu, kwa hiyo sitataja shule wala jina. Sitataja kilo wala mbinu yoyote pia, na naomba wachangiaji tuzingatie hilo. Sababu itaonekana.

Mwalimu wa Malezi

Naendelea.

Jambo la kwanza walilolisema ni picha. Binti wa kidato cha tatu aliniambia, "Mwalimu, mimi nilitoka pale nimejifunza njia ambayo sikuwa naijua." Mwingine akasema yule mgonjwa kwenye picha alikuwa amekonda mpaka unamhurumia, "mimi sijafika huko, kwa hiyo nikajiambia siumwi." Sentensi hiyo ya pili haijanitoka kichwani. Picha iliyowekwa ili imtishe imempa ruhusa ya kuendelea, kwa sababu imemwonyesha kuwa bado ana safari ndefu kabla ya kuitwa mgonjwa. Na sisi tunaofundisha mambo ya mwili tunajua kwamba mtu anaweza kuwa na bulimia kwa miaka akiwa na mwili ambao mtaani wanausifu.

La pili lilikuwa kuhusu sisi wakubwa. Asubuhi wanaambiwa wajipende, jioni kwenye foleni ya chakula mkubwa mmoja anamwambia mtoto mbele ya wenzake, "Wewe bonge, ugali huo unakutosha?" Wakirudi likizo, shangazi anawapokea mlangoni na tathmini ya mwili kabla hata ya kupokea begi. Waliniuliza kwa nini semina walikalishwa wao peke yao, wakati maneno yanatoka kwa watu ambao hawakuwemo ukumbini.

Wavulana walikuwa na lao. Siku ya semina walipelekwa uwanjani kucheza mpira, eti mada ni ya wasichana. Lakini wapo wanaokunywa unga wa kujenga misuli bila kujua ndani mna nini, na wanaoruka mlo ili misuli ya tumbo ionekane. Mmoja alisema hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza swali lolote kuhusu mwili wake, isipokuwa kocha.

Kuhusu simu walikuwa wakali kidogo. Wamechoka kuambiwa wazime. Mwaka 2021 zilivuja nyaraka za ndani za kampuni inayomiliki Instagram, na mojawapo ilieleza kwamba asilimia 32 ya wasichana wa rika lao walisema, wakiwa tayari wanajisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram iliwaongezea. Niliwasomea hilo. Hawakushtuka, wanalijua. Wanachotaka ni kufundishwa jinsi picha zinavyotengenezwa na nani anapata hela wakichukia miili yao.

Nahodha77

Mwalimu, kwa heshima zote, haya ni maradhi ya Wazungu. Huku kwetu watu wanatafuta mlo, wewe unatuletea habari za anayekataa mlo. Na huku binti akikonda hasifiwi. Anaulizwa kama anaumwa, na wengine wanasema kabisa amekanyaga miwaya. Hiyo hamu ya kukonda itoke wapi?

Mwalimu wa Malezi

Nahodha77, hata wataalamu waliamini hivyo kwa muda mrefu. Chukua Fiji. Ni visiwa ambako mwili mnene ulihesabiwa neema na mtu kukonda kulishtua familia, kama kwetu. Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Anne Becker, daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Harvard, aliwapima wasichana wa shule mwaka huo na akapima wengine wa rika hilo mwaka 1998. Waliokuwa na alama za hatari kwenye kipimo cha mitazamo ya ulaji walitoka asilimia 12.7 wakafika 29.2. Wanaojitapisha ili wapunguze uzito hawakuwepo kabisa mwaka 1995. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Na hiyo ilikuwa televisheni tu ya sebuleni, kabla ya simu kuingia mfukoni mwa mtoto.

Hapa nyumbani, mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanawake na wasichana 214 wa Tanzania, ukitazama uhusiano wa matatizo ya ulaji na vyombo vya habari na utandawazi. Kenya, Frank Njenga na mwenzake waliandika kuhusu anoreksia nchini mwao tangu 2004, kwenye East African Medical Journal. Kwa hiyo tatizo lipo hata kama hatulitaji.

Hilo la miwaya umelisema kweli, na wanafunzi wangu walilitaja. Ukimwi ulifanya wembamba uogopwe mtaani kwa miaka mingi. Lakini kwa binti wa leo hofu hiyo haikuondoka, imeongezewa nyingine juu yake. Anatakiwa asikonde usoni watu wasije wakamsema, kiuno kiwe chembamba kama cha kwenye simu, na nyonga zijae awe namba nane. Hakuna chakula duniani kinachoweza kuugawa mwili hivyo.

DadaWaPwani

Asante mwalimu kwa hilo la mwisho, maana nilikuwa naogopa uzi utaishia kwenye kukonda tu.

Mimi ni wa Tanga. Kwetu bibi harusi huwekwa ndani, husingwa, hulishwa, atoke amenawiri. Sina ugomvi na hilo, ni siku chache na linafanywa kwa mapenzi, na somo wangu alinifundisha kuutunza mwili wangu kuliko mtu mwingine yeyote. Ugomvi wangu ni dawa. Wasichana wanauziwa vidonge vya kunenepa na kuongeza makalio, na humo mna dawa za mzio zinazoleta njaa na usingizi, na steroidi (dawa kali za homoni). Wengine wanameza mchana vya kunenepa na usiku wanafunga mkanda tumboni mpaka wanakosa pumzi.

Semina yoyote itakayokuja kumwambia msichana wa huku "usitamani wembamba" itamwacha anakutazama tu. Atasema huyu hanijui.

Mwalimu wa Malezi

DadaWaPwani, umesema walichosema mabinti wangu karibu neno kwa neno. Hizo steroidi nilizungumza nao kwa urefu: zinapandisha sukari, zinadhoofisha mifupa, na aliyezitumia muda mrefu akiziacha ghafla anaweza kuzidiwa kwa sababu mwili umeacha kutengeneza homoni zake. Mtu wa namna hiyo aende hospitali, asiziache kimyakimya.

Sasa niseme kuhusu tafiti, maana nilipoanza kusoma nilikuta kwamba malalamiko ya vijana yana ushahidi nyuma yake.

Mwaka 1997 kundi la Christopher Fairburn wa Oxford lilijaribu programu shuleni kwa wasichana wa miaka 13 na 14, kipindi kimoja kwa wiki kwa wiki nane. Mwanzoni mambo yalionekana yamekwenda vizuri. Walipowapima baada ya miezi sita, tabia ya kujinyima chakula ilikuwa imepanda kuliko kabla hawajaanza. Waandishi wenyewe waliuliza kwenye kichwa cha makala yao kama kuzuia huku kunaweza kuleta madhara kuliko faida. Mwaka huohuo ukatoka utafiti mwingine, wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani: wanafunzi wapya wa chuo waliletewa wenzao waliowahi kuugua wasimulie yaliyowapata. Walipofuatiliwa, waliosikiliza walikuwa na dalili zaidi kidogo kuliko ambao hawakusikiliza.

Ndiyo maana nimesema hapa tusitaje kilo wala mbinu.

Kibao Kata

Mwalimu, kama kufundisha kunadhuru na ushuhuda unadhuru, basi tukae kimya?

Mwalimu wa Malezi

Hapana. Tubadilishane nafasi. Wao waseme, sisi tusikilize.

Iko programu inaitwa Body Project, iliyoanzishwa na mwanasaikolojia wa Kimarekani Eric Stice. Imejengwa juu ya wazo la Leon Festinger la mwaka 1957: mtu akitetea jambo kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwa hiari yake, na jambo hilo linapingana na anachokiamini, nafsi inakosa raha, kisha imani yake inaanza kusogea kufuata maneno yake. Kwa hiyo mwezeshaji hafundishi ubaya wa kutamani mwili wa picha. Anauliza tu: mwili huo unaotakiwa ukoje, nani kauamua, nani ananufaika, na wewe unakugharimu nini? Majibu yote yanatoka kwa wasichana. Wanamwandikia barua binti mdogo kumwonya kuhusu gharama hizo. Kuna igizo ambalo mwezeshaji anajifanya yeye ndiye msichana anayetaka kujinyima, na wao wanambishia mpaka aishiwe hoja. Vikao ni vinne vya saa moja moja.

Kwenye jaribio lililochapishwa 2008 walikuwemo wasichana 481 ambao tayari hawakuridhika na miili yao. Katika miaka mitatu, waliopata ugonjwa wa ulaji kwenye kundi la programu walikuwa asilimia 6, na kwenye kundi lililopimwa tu bila kufanyiwa kitu walikuwa 15. Baadaye Carolyn Becker wa chuo cha Trinity kule San Antonio, Texas, akawakabidhi wanafunzi wenyewe waendeshe, na ikafanya kazi mikononi mwao.

Niliijaribu ile barua kwenye klabu. Sikuwapa maelekezo marefu. Niliwaambia mna mdogo wenu anaingia kidato cha kwanza Januari, mwandikieni. Waliandika kuhusu dawa za makalio, kuhusu kukopa hela ya machai, kuhusu kuzimia kwenye mstari wa asubuhi, kuhusu mdogo wa mtu aliyeanza kuiga akiwa na miaka tisa. Mimi nisingeweza kuandaa mada yenye uzito huo hata ningepewa mwaka mzima.

Mkimbiaji wa Mbulu

Naomba nichangie kwa upande wa riadha. Mimi nilikimbia tangu shule ya msingi. Kambini tuliambiwa mwepesi ndiye mwenye kasi. Hedhi ilipokatika nilifurahi, nikaona ndiyo dalili ya kuiva kimazoezi, na hakuna aliyeniambia vinginevyo. Kilichonisimamisha ni mfupa wa mguu uliovunjika bila kuanguka. Daktari aliniuliza unakula nini kabla hajauliza unakimbia umbali gani, nikashangaa.

Baadaye nilisoma kwamba Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliandika kuhusu hali hiyo mwaka 2014, na ikasema inawapata wanaume pia: nishati inayoingia haitoshi mazoezi, mwili unaanza kuzima huduma moja baada ya nyingine, uzazi, mifupa, kinga. Mkiniuliza programu ianze na nani, nitasema kocha. Mimi ningemsikiliza kocha kuliko mama yangu.

Mama Wawili

Niko Uingereza na wanangu wanasoma huku. Mngedhani wenzetu wamemaliza, lakini vijana wa huku nao wanalalamika. Shule za England zinapima uzito wa watoto wanapoanza shule na tena wakiwa na miaka 10 na 11, na barua ya matokeo inakuja nyumbani. Tangu Aprili 2022 migahawa mikubwa inalazimika kuandika kalori kwenye menyu, wakati Beat, shirika linalosaidia wenye matatizo ya ulaji, lilipinga. Halafu shuleni kuna somo la kuupenda mwili wako. Binti yangu aliniuliza, "Mama, wanataka nijipende au nijihesabu?" Nilikosa jibu. Ujumbe wa kuzuia unene na ujumbe wa kuzuia magonjwa ya ulaji unaandaliwa na ofisi tofauti, lakini mtoto anayeupokea ni mmoja.

Mwalimu wa Malezi

Mama Wawili, hili linanigusa moja kwa moja kwa sababu mimi ndiye ninayefundisha mada ya lishe. Kisukari na presha vipo, siwezi kuacha kuvifundisha. Nilichoacha ni kumpandisha mwanafunzi mizani mbele ya darasa, zoezi ambalo tumelifanya kwa miaka kama kawaida. Ukitaka kufundisha hesabu ya uzito na urefu, tumia namba za mtu wa kubuni.

Mhitimu

Mwalimu nimesoma uzi wote na kuna sehemu sikubaliani na wewe. Nimeugua bulimia tangu kidato cha pili hadi cha sita. Nilichokuwa nacho sikukijua kina jina. Siku moja nilimsikia dada mmoja redioni akieleza, nikalia, kisha nikatafuta msaada. Kama redio ile ingefuata ushauri wako wa kutoleta shuhuda, ningekuwa wapi leo? Mnapotulinda na habari, wengine mnatuacha peke yetu.

Mwalimu wa Malezi

Mhitimu, pole kwa miaka hiyo, na asante sana kwa kusema hapa.

Uko sahihi na nitarekebisha nilivyolisema. Yule dada alikukuta tayari unaumwa, akakuonyesha kuna mlango. Hilo ni tofauti na kumleta mbele ya darasa la watoto wazima akawaeleza hatua kwa hatua alivyokuwa akifanya. Hata wale wa Stanford walijaribu kueleza matokeo yao hivyo: waliweka kwenye kikao kimoja lengo la kuzuia na lengo la kuondoa aibu ili wagonjwa wajitokeze, na huenda kuondoa aibu kukafanya jambo lionekane la kawaida kwa wengine. Wewe ungependa ushuhuda uwe na nini na usiwe na nini?

Mhitimu

Uwe na namna nilivyojisikia, nilivyomwambia mtu wa kwanza, hospitali walinifanyia nini, na kwamba nilipona na sasa nakula na wenzangu. Usiwe na mbinu wala namba, hapo nakubaliana na wewe. Mimi nilipokuwa naumwa nilikuwa nasoma habari za wagonjwa kama mtu anayesoma noti za mtihani.

Na wavulana wawemo. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akinitania zaidi nyumbani. Angejua, asingefanya.

Nahodha77

Nimesoma yote, na nimemkumbuka mpwa wangu, anayejinyima chakula na kujitapisha. Yeye anasema ana utashi, anaweza kuacha akitaka. Hana utashi kweli?

Mwalimu wa Malezi

Ndugu yangu, njaa ndefu inakula utashi wenyewe. Kuanzia Novemba 1944 chuo kikuu cha Minnesota, chini ya Ancel Keys, kiliwachukua vijana wa kiume 36 waliojitolea, wenye afya ya mwili na akili. Baada ya kipindi cha kuwapima, walipunguziwa chakula kwa wiki 24. Wakaanza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kujitenga na kukasirika ovyo, na waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula bila kuweza kujizuia. Walianza wakiwa wazima kabisa. Kisa hiki nawasimulia wavulana, na ndipo huwa wananyamaza kusikiliza.

Kuhusu mpwa wako, programu za shule hazimtoshi tena. Anayejitapisha mara kwa mara anapoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kubadili mapigo ghafla hata kama kwa nje anaonekana mzima. Apimwe damu. Mpelekeni hospitali ya rufaa iliyo karibu na muulize kitengo cha afya ya akili. Kwa Dar, Muhimbili wanacho. Kama ni mtoto na anaogopa kuongea na ndugu, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni bure. Ukikaa naye usianze na mwili wake wala sahani yake. Muulize amekuwa akilala vipi, nani anamtania, shule inakwendaje. Na akikukatalia mara ya kwanza, rudi.

Kibao Kata

Na shule isiyo na bajeti ianzie wapi?

Mwalimu wa Malezi

Haihitaji projekta. Inahitaji chumba, karatasi, saa moja ya klabu, na wanafunzi wawili watatu wa madarasa ya juu ambao wenzao wanawaamini. Uhiari ni lazima, anayelazimishwa kuandika barua anaandika unachotaka kusikia. Wavulana wapewe kikao chao na maswali yao, na kipo kimoja cha pamoja ambacho wanafunzi wangu wamekiomba, kuhusu matani.

Muhula ujao naanza na matroni, patroni, wapishi na walimu wa zamu, kabla ya wanafunzi. Nimeomba saa moja kwenye kikao cha wazazi pia, na nitasoma zile barua bila majina, kwa idhini ya walioandika. Mkimbiaji, kama unamfahamu kocha aliye tayari kuja kuongea na walimu wetu wa michezo, niandikie faragha. Mhitimu, nawe ukijisikia, niandikie hayo manne uliyoyataja kwa maneno yako. Nitayapeleka kwa mkuu wa shule kama yalivyo.